Uchambuzi wa kisa: kijumba cha mawe Uskoti na Mkinga aliyeziba kila tundu

Sasa bwana, kisa ni chetu wenyewe, mimi na shemeji yenu, kwa hiyo msitegemee hakimu asiyependelea, ila nitajitahidi kusema na makosa yangu maana ndo mengi.

Mke wangu ni nesi. Alipata kazi hospitali kaskazini mwa Uskoti, upande wa Moray, kati ya Inverness na Aberdeen, mimi nikaja kama tegemezi kwenye viza yake, tukatua Septemba 2023. Mjini nyumba zilikuwa ghali au zimeshachukuliwa, mwisho tukapata nyumba ndogo ya mawe kijijini (na nikisema nyumba ndogo sio ile mnayoijua nyie, hii wenyewe wanaiita cottage), vyumba viwili, sebule, jiko na bafu, paa la vigae vyeusi vya mawe, ukuta mnene mpaka kwenye dirisha unaweza kukaa kitako ukanywa chai. Kwenye picha ilikuwa tamu balaa. Kwenye tangazo kulikuwa na herufi F, mimi nikadhani ni aina ya nyumba, kama vile kota za daraja fulani. Kumbe ni cheti cha nishati, kinaanzia A mpaka G, na Uskoti ni lazima tangazo la nyumba ya kupanga liionyeshe hiyo herufi. Yani walituambia kabisa kwamba hii nyumba inavuja joto, sisi tukapita tu.

Mimi ni mtu wa Makete, Mkinga wa nyanda za juu kusini. Huyu mwenzangu ni wa Pangani, mtoto wa bahari. Kwa hiyo tulivyofika nikawa na mdomo, baridi naijua mimi, kule Kitulo mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta majani meupe kwa sakitu, wewe vaa sweta utazoea. Hilo ndo kosa la kwanza na naliweka mbele kwa sababu mengine yote yametoka humo. Baridi ya Makete inakuja kiangazi. Asubuhi inang'ata, ila saa nne jua limetoka, watu wanaota jua, nguo zinakauka, jioni jikoni kuna moto wa kuni na kila mtu kauzunguka. Ya huku inakuja na mvua, na Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi halafu saa tisa na nusu mchana limeshazama, tena mara nyingi hulioni lenyewe, unaona tu mwanga kama wa ndani ya mfuko wa nailoni. Hamna kitu kinachokauka. Mimi nilikuwa napigana na baridi, wakati adui alikuwa maji.

Tulipofika tu, wiki chache baadaye ikapita ile dhoruba ya Babet ya Oktoba 2023, iliyofurisha Angus na sehemu za Aberdeenshire. Kwetu ilikuwa mvua na upepo tu lakini upepo wenyewe ulikuwa unaingia ndani unapiga mluzi, pazia linacheza madirisha yamefungwa. Basi wikiendi mbili nikawa fundi. Madirisha yalikuwa na vitundu vyembamba juu ya fremu, nikavibandika selotepu. Feni ya bafuni nikaizima kwenye swichi kule juu ya mlango, nikasema inakula umeme, na kumbe inakula kama balbu tu. Dohani ya sebuleni ilikuwa haitumiki, nikaisokomeza duveti kuukuu ndani ya mfuko wa taka. Halafu nje, chini kabisa ya ukuta, kulikuwa na vidirisha vya chuma vyenye matundu, saizi ya tofali, nikaona humu ndo upepo unapita, nikajaza magazeti. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, wajomba wakanipongeza.

Vile vidirisha vya chuma ndo vinavyopitisha hewa chini ya sakafu ya mbao ili mbao zisioze. Sitaki hata kulizungumzia sana.

Sasa hita. Kijijini hakuna bomba la gesi, nyumba ilikuwa na hita tatu za umeme za ukutani, nzito, watu wawili hamzibebi. Ndani yake ni matofali. Umeme wa usiku, kwa masaa saba, unauzwa kwa bei ya chini, hita inachemsha matofali usiku, mchana na jioni yanaachia joto taratibu. Juu yake kuna vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja kimeandikwa Input kingine Output. Hakuna aliyetueleza na sisi hatukuuliza. Mimi nikawa usiku nikisikia baridi nafungua Output mpaka mwisho, kwa hiyo joto lote linamwagika kabla ya asubuhi wakati sisi tuko chini ya mablanketi hatulihitaji, mchana hita imekuwa jiwe kweli, na jioni tukawa tunachomeka ile hita ya feni ya kilowati mbili kwenye soketi, kwa bei ya mchana ambayo kwetu ilikuwa karibu mara mbili ya usiku. Yani tulilipia joto mara mbili tukapata nusu. Bili ya Desemba ilivyokuja, pauni 310, nilikaa kwenye ngazi nikaisoma tena kama matokeo ya form four.

Nikajibu bili kwa akili ya kibahili. Nikanunua hita ya gesi ya kuhamishika, ya magurudumu, mtungi unakaa mgongoni, pauni 40 tu. Ikiwaka sebule inapata joto ndani ya dakika kumi, nikajiona nimemaliza kazi. Mkataba wetu ulikuwa unakataza hizo hita, nilikuja kusoma baadaye.

Huku nyuma kukawa na vita ya kimya ndani ya nyumba. Shemeji yenu anapiga shifti za usiku, anarudi saa mbili asubuhi anataka kulala, anasema chumba kinanuka, anafungua dirisha. Mimi nikirudi kutoka kwenye vibarua vyangu ghalani nakuta dirisha wazi, nje nyuzi tatu, nafunga, napiga kelele kwamba tunapasha joto ng'ombe wa jirani. Akiamka anakuta limefungwa, anafungua, na bila kuniambia anazungusha na vile vitufe vya hita, mimi navirudisha. Tukawa kama walinzi wa zamu mbili wasiosalimiana. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa na huyu akishusha sauti ujue imefika, "Baba, mimi hospitali nashinda na wagonjwa wa kifua usiku kucha, nikirudi kwangu nataka nivute hewa." Nikamwambia hewa haina mita ila umeme unayo. Jibu la kijinga na nalikumbuka mpaka leo.

Januari katikati, wiki ile ya theluji, alifungua kabati la chumbani kutafuta khanga. Kabati tulikuwa tumeligandisha kabisa kwenye ukuta wa nje. Akatoa doti aliyopewa na mama yake siku ya kuagwa, akaikunjua kitandani: madoadoa meusi kama pilipili manga iliyosagwa, kona nzima, mpaka kwenye maandishi. Na maandishi yenyewe yalikuwa Wema hauozi. Angekuwa mtu mwingine angecheka. Yeye alikaa kitandani akaikunja tena vilevile akairudisha. Nikavuta kabati, mgongo wake ulikuwa na kuvu ya kijani na nyeusi, ukuta umelowa ukigusa unaacha alama ya kiganja, viatu vyangu vya harusi vimeota manyoya. Hapo ndo kibri kikanishuka.

Mzee jirani yetu, mstaafu, alikuwa anatuletea mayai kila Jumamosi. Nikamwita aje aone. Akaingia, akanusa, akaiangalia ile hita ya gesi, akaniuliza mtungi unaisha kwa siku ngapi. Nikasema tisa, kumi. Akaniambia kitu ambacho nilisoma shuleni na sikuwahi kukihusisha na maisha: gesi ikiungua inatengeneza maji. Haidrojeni iliyomo kwenye gesi inashikana na oksijeni ya hewa, ndo maji hayo, ila yanatoka kama mvuke huwezi kuyaona. Kilo moja ya gesi inatoa maji kilo moja na nusu hivi. Mtungi wangu ulikuwa wa kilo 15, piga hesabu, lita 23. Yani kila mtungi ulioisha nilikuwa nimemwaga ndoo nzima ya lita 20 na chenji juu, ndani ya nyumba niliyoiziba mwenyewe kwa selotepu. Na kwa kuwa kila tundu nimeziba, ile sumu ya kaboni monoksaidi ingeweza kutumaliza usingizini, na kengele yake hatukuwa nayo, zilizokuwepo darini ni za moshi na joto tu, mwenye nyumba hakujua kama kuna mtu anachoma gesi humo. Sisi watu wa nyanda za juu tumekua tukisikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani zisiamke. Nilijua. Ila hii ilikuwa na magurudumu na swichi, haikufanana na jiko la mkaa.

Ongezea na mengine. Nguo za wiki tunaanika kwenye kamba sebuleni, mashine moja ya nguo mbichi inabeba lita mbili hivi za maji na zote zinaishia hewani. Maharage makavu tunachemsha masaa mawili sufuria wazi. Watu wawili wakilala chumba kimoja wanapumua nusu lita na zaidi mpaka asubuhi. Nikanunua kipimo kidogo cha joto na unyevu, pauni nane, chumbani kikasoma nyuzi 13 na unyevu asilimia 84. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani kusishuke chini ya nyuzi 18. Sebuleni jioni, gesi inawaka, ilikuwa nyuzi 18 na asilimia 75, na hewa ya namna hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi kama 13 hivi kushuka chini inaanza kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji pale Tanga. Ukuta wetu wa nje ulikuwa na nyuzi tisa. Kwa hiyo ukuta mzima ilikuwa ndo chupa ya soda, na nyuma ya kabati ambako hewa haipiti ndo kabisa.

Na lile dirisha la shemeji yenu? Hapa ndo penye utamu wa kisa, na aliniambia mwenyewe nipaandike vizuri. Mimi nilikuwa nasema ukifungua dirisha wakati wa mvua unaingiza unyevu. Akili ya kawaida inakubali. Lakini hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi: hewa ya nje ya nyuzi nne, hata mvua ikinyesha, kwa kila mita ya ujazo ina gramu sita hivi za maji, na ile ya sebuleni kwetu ilikuwa na zaidi ya 11. Ukifungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika kumi unatoa hewa iliyolowa unaingiza iliyo kavu, ikipata moto inakuwa kavu zaidi, na ukuta haupoi kwa dakika kumi, ukuta wa mawe mnene hivyo. Kosa lake pekee ni kuliacha wazi masaa sita. Nilimwomba radhi mbele ya mzee na mayai yake.

Kama mambo yangeishia hapo ningesema ni uzembe wangu na basi. Ila tulipoacha gesi, tukatoa selotepu na magazeti na duveti la dohani, feni ikawaka, nguo tukazihamishia bafuni mlango umefungwa, unyevu ukashuka mpaka 70 na ukagoma. Ukuta wa chumbani bado mbichi. Watu kwenye grupu la Watanzania wakasema nunueni mashine ya kunyonya unyevu. Mashine ni nzuri, tumeinunua baadaye, ila kuinunua kabla hujajua maji yanatoka wapi ni kudeki huku bomba limepasuka. Mzee akanitoa nje siku ya mvua akanyoosha kidole juu. Gata imejaa vile vijani laini vinavyoota kwenye vigae na kudondoka (wenyewe wanaita moss), maji hayaendi kwenye bomba, yanamwagika pale kwenye kiungo yanateremka ukutani, na upande wa ndani wa ukuta huo ndo lilipokuwa kabati letu. Muda wote nilikuwa naziba matundu ya chini, sikuwahi kutazama juu.

Halafu mke wangu, amejifunika koti la kazini na kofia, akaukaribia ukuta akatoa ufunguo akaanza kukuna katikati ya mawe. Juu ngumu ya kijivu, ndani yake laini nyeupe. Akasema, "Hawa wamefanya kama mjomba alivyofanya kwa bibi." Bibi yake Pangani alikuwa na nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya zamani, mjomba akaja na pesa za Dar akaipiga plasta ya simenti ipendeze, masika mbili tu plasta ikavimba ikaanza kuanguka vipande vipande kama biskuti na chumba kikawa na harufu ya kisima. Ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji kidogo na unayatema upepo ukipita. Simenti haitemi. Maji yanaingia kwenye vinyufa vyake, yakikosa pa kutokea yanarudi ndani, na ukuta uliolowa unapitisha joto kwenda nje haraka kuliko mkavu. Nyumba za hivi za huku zimejengwa kwa mantiki ileile ya Pangani, mawe na chokaa, ukuta mmoja mzito bila uwazi katikati, na miaka ya karibuni mafundi wakaja na mifuko ya simenti. Mimi wa Makete, mtaalamu wa baridi, nikapewa somo la nyumba ya Uskoti na Mpangani.

Tukamwandikia mwenye nyumba, barua pepe, picha zenye tarehe, namba za kile kipimo asubuhi na jioni kwa siku kumi. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba ni mtindo wenu wa maisha, fungueni madirisha. Nusu ilikuwa kweli, na hiyo nusu ndo iliuma. Tukajibu kwa adabu, kwamba yale yetu tumeshayarekebisha, haya hapa tuliyofanya na namba zilivyoshuka, ila gata na ukuta sio mtindo wa maisha. Sheria za Uskoti zinamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba haipitishi upepo wala maji na hita zinafanya kazi sawasawa, na akigoma mpangaji anaweza kwenda baraza la nyumba bila kulipia. Hatukufika huko. Nadhani barua ya pili ilimwonyesha kwamba hatukuwa tunalalamika tu, tulikuwa na daftari. Kabla ya hapo tulipiga simu Home Energy Scotland, watu wa ushauri wa nishati majumbani, ushauri wao ni bure, na sisi ambao viza yetu hairuhusu misaada ya serikali tulikuwa tunaogopa hata kupiga, lakini ushauri sio posho, dada wa kwenye simu alitueleza vile vitufe viwili vya hita kwa dakika tano. Input unapandisha ukiona kesho baridi kali, Output inabaki chini mpaka jioni. Kwa ratiba ya shifti akasema ya chumbani iwe peke yake, ifunguliwe saa mbili asubuhi mwenye kulala akirudi. Miezi mitatu ya ugomvi, dakika tano.

Kilichosaidia kuliko vyote kwa bei yake ni blanketi la umeme. Linakula wati mia hivi, hita ya feni elfu mbili, na unachopasha ni mtu, sio mawe. Maharage sasa yanaiva kwenye presha kuka. Kabati limesogezwa, liko kwenye ukuta wa ndani. Februari bili ilikuwa 190, chumbani nyuzi 17, unyevu 62, bado hatujafika pale panaposhauriwa ila usiku sisikii tena harufu ya kisima.

Khanga ilifuliwa mara tatu, madoa hayakutoka. Mama mkwe alipouliza kwenye video kwa nini haivai, binti yake akamwambia ameitunza. Mimi nilikuwa pembeni nakoroga uji sikutia neno.

Gata ilisafishwa wiki ileile. Simenti haiwezi kutolewa sasa, chokaa mbichi ikipigwa na baridi ya kugandisha haishiki, inapukutika, kwa hiyo fundi kasema mpaka Mei. Shemeji yenu ameshaomba off siku hiyo, anataka asimame pale aone chokaa yao wanavyoichanganya.